Ziliuzwaje? World Series ya 1919, zamu kwa zamu

Msomaji ameuliza: "Nimefuatilia mpira wa miguu tangu utotoni, na nikiona kipa anaachia goli la ajabu najua cha kufikiria. Juzi nimesoma kwamba mwaka 1919 wachezaji wanane wa Chicago White Sox waliuza fainali ya besiboli ya Marekani. Nikaenda kwenye takwimu. Nikakuta mmoja wa hao wanane, Joe Jackson, amepiga vizuri kuliko karibu wote na hakufanya kosa hata moja. Sasa waliuza nini? Na mchezo wa watu tisa unauzwaje bila uwanja mzima kuona?"

Ndugu msomaji, umeanzia pale wengi wanapoanzia, na pale pale ndipo wengi wanapopotelea. Takwimu ulizoziona ni jumla ya mechi nane, na mechi iliyouzwa haikai kwenye jumla. Anayeuza besiboli hauzi mechi nzima. Anauza mipira mitano au sita katika zamu moja, na iliyobaki anacheza kwa nguvu zake zote, kwa sababu hiyo iliyobaki ndiyo inayomfunika. Ukitaka kuona kilichouzwa, fungua mechi zamu kwa zamu na uangalie mambo yalifuatana vipi.

Kwanza tuelewane maneno. Besiboli ina zamu tisa. Katika kila zamu kila timu inapiga mara moja, na upigaji wake unakoma wapigaji watatu wakishatolewa. Mrushaji anasimama mita 18.44 kutoka kituo cha nyumbani, anaposimama mpigaji na gongo lake. Mrushaji akitupa mipira minne nje ya eneo halali na mpigaji asiifuate, mpigaji anatembea hadi kituo cha kwanza bure. Vituo vinne vimekaa kwenye pembe za mraba wenye upande wa mita 27.4, na anayevizunguka vyote akarudi nyumbani ameipatia timu yake pointi moja. Hayo yanatosha kwa safari yetu.

Sasa umlinganishe mrushaji na kipa wako. Kipa anaweza kukaa dakika 20 bila kugusa mpira. Mrushaji anaanzisha kila tukio la mchezo. Hakuna kinachotokea uwanjani mpaka yeye aachie mpira, na kwa mechi moja anaachia mia moja au zaidi. Akiupitisha mpira katikati ya eneo halali badala ya pembeni, au akipunguza kasi kidogo tu, mpigaji wa daraja la juu anauona vizuri na anaupiga vizuri. Jukwaani mtu anaona pigo zuri tu. Hakuna kipimo cha wakati ule kilichoweza kuonyesha kwamba mpira ule ulitupwa sentimita kumi ndani zaidi ya ulipotakiwa. Ndiyo maana wacheza kamari wa 1919 walikuwa tayari kutoa fedha nyingi mbele kwa ajili ya mkono mmoja: mkono wa Eddie Cicotte.

Cicotte alikuwa ameshinda mechi 29 na kupoteza 7 msimu ule, na wastani wa pointi 1.82 alizoruhusu kwa kila zamu tisa. Mwenzake Lefty Williams alikuwa ameshinda 23. Wengine katika wale wanane ni Chick Gandil wa kituo cha kwanza, Swede Risberg anayecheza kati ya kituo cha pili na cha tatu, Buck Weaver wa kituo cha tatu, Happy Felsch wa uwanja wa kati nyuma, Joe Jackson wa uwanja wa kushoto, na Fred McMullin, mchezaji wa akiba aliyepiga mara mbili tu katika fainali nzima. Nje ya mpango walibaki mdakaji Ray Schalk, Eddie Collins wa kituo cha pili, wale waliopokezana uwanja wa kulia, mrushaji Dickey Kerr, na kocha Kid Gleason.

Jambo ambalo simulizi nyingi hulipita haraka ni hili la idadi ya warushaji. Mwaka ule fainali ilichezwa kwa mfumo wa mechi tisa, wa kwanza kushinda tano ndiye bingwa. White Sox walikuwa na mrushaji mwingine mkubwa, Red Faber, ambaye peke yake alishinda mechi tatu walipotwaa ubingwa wa 1917. Mwaka 1919 Faber hakuwa na afya wala mguu mzima, na hakurusha hata mpira mmoja katika fainali. Matokeo yake, Cicotte alianza mechi ya 1, ya 4 na ya 7. Williams ya 2, ya 5 na ya 8. Kerr ya 3 na ya 6. Mechi sita kati ya nane zilianza mikononi mwa watu wawili waliokwisha kununuliwa. Kwa maoni yangu hili ndilo bawaba la mlango mzima. Kama Faber angekuwa mzima, wanunuzi wangehitaji mkono wa tatu, na Faber hakuwa mtu wao.

Tarehe 1 Oktoba 1919, uwanja wa Redland Field, Cincinnati, nyumbani kwa Cincinnati Reds, wapinzani wa White Sox katika fainali hii. Mpira wa kwanza wa Cicotte ulikuwa halali. Wa pili ulimgonga mgongoni Morrie Rath, mpigaji wa kwanza wa Reds, naye akapewa kituo cha kwanza. Inasimuliwa kwamba hiyo ndiyo ilikuwa ishara kwa wacheza kamari kuwa biashara imekubaliwa. Sawa, lakini wewe usibaki hapo. Mpigaji kugongwa ni tukio la kawaida, na kwa hilo Reds walipata pointi moja tu. White Sox walisawazisha zamu iliyofuata. Zamu ya nne ilianza matokeo yakiwa 1-1, na hapo ndipo pa kuweka jicho.

Mpigaji wa kwanza wa Reds katika zamu ile alitolewa. Pat Duncan akapata pigo safi, akasimama kituo cha kwanza. Larry Kopf akaupiga mpira moja kwa moja kuelekea kwa Cicotte. Kwa timu yoyote ya daraja lile, huo ni mpira wa kuwatoa wawili kwa mpigo: mrushaji anaudaka, anageuka, anamtupia Risberg anayekimbilia kituo cha pili, Risberg anakikanyaga na Duncan anatoka, bila kusita anautupa kituo cha kwanza kabla Kopf hajafika, na Kopf naye anatoka. Mpigaji anatumia sekunde nne na kidogo kufika kituo cha kwanza. Ndani ya sekunde hizo lazima udakaji na marusho mawili yaishe, kwa hiyo nusu sekunde ikipotea popote, wa pili amepona. Cicotte alichelewa kuutoa mpira. Duncan akatolewa, Kopf akapona.

Hebu angalia kilichofuata kutokana na nusu sekunde hiyo. Kama wawili wangetolewa, zamu ingekwisha palepale, 1-1. Badala yake kulikuwa na mmoja kituoni na nafasi moja imebaki, na Reds wakapata mapigo matano mfululizo: Greasy Neale, Ivey Wingo, kisha mrushaji wao mwenyewe Dutch Ruether aliyepiga pigo la vituo vitatu, Rath, na Jake Daubert. Pointi tano. Gleason akamtoa Cicotte baada ya zamu tatu na theluthi mbili. Mechi ikaisha 9-1.

Sasa tafuta tukio lile la Kopf kwenye safu ya makosa. Hutalikuta. Kanuni za kuandika takwimu zinasema mwandishi asichukulie kwamba wawili wangetolewa. Ikiwa mmoja ametolewa, hakuna kosa la kuandika. Mchelewo umemezwa. Hapo unapata jibu la nusu ya swali lako: mahali pa kuuzia mechi ni kwenye pengo kati ya kinachotarajiwa na kinachoandikwa.

Mechi ya pili inafundisha njia nyingine. Williams alikuwa mrushaji mwenye shabaha. Msimu mzima alitoa vituo vya bure 58 katika zamu 297, yaani pungufu ya viwili kwa kila zamu tisa. Tarehe 2 Oktoba alitoa sita katika zamu nane. Vitatu vya hivyo sita alivitoa kwenye zamu moja, ya nne: Rath akapewa, Heinie Groh akapewa, Edd Roush akapiga na Rath akafunga, Roush akatolewa akijaribu kuiba kituo, yaani kukimbilia kituo kinachofuata bila mpira kupigwa, Duncan akapewa, kisha Kopf akapiga pigo la vituo vitatu lililoleta wawili nyumbani. Pointi tatu kwa mapigo mawili. Mechi nzima Reds walipata mapigo manne tu, White Sox kumi, na Reds wakashinda 4-2. Schalk, anayedaka na kutoa ishara za mpira upi utupwe, alikasirika kweli kweli. Mdakaji ndiye mtu wa kwanza kujua, kwa sababu ndiye anayeomba mpira fulani akaletewa mwingine. Wala si kuletewa mara moja, maana mara moja ni uchovu au unyevu wa mkono. Ni kuletewa mfululizo wakati vituo vimejaa watu.

Fuatilia mstari wa Williams hadi mwisho, maana hauna mfano. Mechi ya 2: mapigo manne, pointi nne. Mechi ya 5: mapigo manne, pointi nne, zote kwenye zamu ya sita. Mechi ya 8: mapigo manne, pointi nne, akiwa amemtoa mtu mmoja tu. Jumla ni mapigo 12 katika zamu 16 na theluthi, idadi ambayo mrushaji yeyote angeipokea kwa furaha. Lakini amepoteza mechi zote tatu. Mapigo yaliyotawanyika hayaumi. Yanayokuja kwa lundo, yakitanguliwa na vituo vya bure, ndiyo yanayozaa pointi. Anayeuza anahitaji lundo moja tu.

Njia ya tatu iko mechi ya 4, Comiskey Park, Chicago. Cicotte alirusha zamu zote tisa, hakutoa kituo cha bure hata kimoja, akaruhusu mapigo matano. Ukitazama mstari wake wa urushaji utasema alikuwa bora. Zamu ya tano, mmoja akiwa ametolewa, Duncan aliupiga mpira kwake. Cicotte akautupa ovyo kituo cha kwanza, ukapita, Duncan akafika cha pili. Kopf akapiga kushoto. Jackson akauokota na kuurusha nyumbani. Cicotte akaingia katikati ya njia ya mpira, akaugusa, ukabadili mwelekeo. Duncan akafunga na Kopf akasogea cha pili. Neale akapiga juu ya kichwa cha Jackson, Kopf akafunga. 2-0, mwisho wa hesabu.

Makosa mawili ya mtu mmoja katika zamu moja, na bado takwimu zinamlinda. Pointi zinazotokana na makosa ya ulinzi haziingii kwenye wastani wa mrushaji, hata kama aliyekosea ni mrushaji mwenyewe. Kwa hiyo mechi aliyoipoteza kwa mikono yake imeandikwa kwenye wastani wake kama sifuri. Ndiyo sababu wastani wake wa fainali nzima unasomeka 2.91, namba ambayo haimtishi mtu. Usimpime mrushaji wa 1919 kwa wastani huo peke yake. Hesabu pointi zote zilizoingia akiwa kilimani, yaani pale anaporushia, kisha uulize kila moja ilianzia wapi.

Hapo ndipo nataka nikuzuie kidogo, maana mtu akishajua mechi imeuzwa huanza kuona uuzaji kila mahali. White Sox walipiga zamu 26 mfululizo bila pointi, tangu katikati ya mechi ya 3 hadi mechi ya 6. Je, hao nao walikuwa wanauza? Angalia majina. Nemo Leibold, ambaye hakuwa na doa lolote, alipata pigo moja katika nafasi 18. Eddie Collins, mmoja wa wapigaji wakubwa wa zama zake, alipata wastani wa .226, yaani sawa na mapigo 226 kwa kila nafasi 1,000. Weaver, aliyekaa kwenye vikao vya njama, alipata .324. Waliofungwa walifungwa pia na warushaji hodari: Jimmy Ring aliwaruhusu mapigo matatu tu mechi ya 4, na Hod Eller mapigo matatu mechi ya 5, akiwatoa wapigaji sita mfululizo kwa straiki, yaani bila hata mmoja wao kuupiga mpira uwanjani. Reds walikuwa wameshinda mechi 96 msimu ule na kupoteza 44, rekodi bora kuliko ya White Sox, 88 kwa 52. Wanastahili heshima ambayo kashfa imewanyima, na hakuna anayeweza kuapa kwamba wangeshindwa fainali safi.

Upigaji kwa kweli ni chombo kibovu cha kuuzia. Mpigaji bora kabisa hushindwa mara sita au saba kati ya kumi, kwa hiyo kushindwa kwake hakumhakikishii mnunuzi kitu, na kufaulu kwake hakumwondolei mtu hatia. Wacheza kamari walijua hivyo. Walinunua warushaji kwanza, halafu ulinzi wa kati, na wapigaji waliwataka zaidi ili wasiwe kikwazo.

Basi kwa nini White Sox walishinda mechi tatu? Kwa sababu malipo yalikwama. Ahadi kutoka kundi moja la wanunuzi ilikuwa dola 100,000, zitolewe 20,000 baada ya kila mechi iliyopotezwa. Kundi hilo lilikuwa la Bill Burns, mrushaji mstaafu, na Billy Maharg, bondia wa zamani wa Philadelphia, wakipitia kwa Abe Attell, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa ndondi uzito wa unyoya. Kundi jingine lilikuwa la Sport Sullivan wa Boston. Nyuma yao lilitajwa jina la Arnold Rothstein, tajiri wa kamari wa New York, ambaye hakuwahi kushtakiwa. Cicotte peke yake ndiye aliyeshikilia alipwe mbele, na dola zake 10,000 alizikuta chini ya mto wa kitanda hotelini kabla ya mechi ya kwanza. Wengine walipewa maneno. Baada ya mechi ya kwanza hawakupata kitu, na baada ya ya pili zikaja 10,000 badala ya 40,000 walizokuwa wakidai.

Mechi ya 3 Kerr, mtu safi, akawazima Reds 3-0 kwa kuwaruhusu mapigo matatu tu. Aliyeleta pointi mbili za kwanza ni Gandil, kiongozi wa njama mwenyewe. Burns na Maharg walikuwa wameweka fedha zao zote upande wa Reds, wakaoshwa. Baada ya mechi ya 4 fedha nyingine zikapatikana kupitia upande wa Sullivan, na mechi ya 5 ikaenda. Kisha zikakauka tena, na wachezaji wakacheza: mechi ya 6 White Sox walishinda 5-4 kwa zamu kumi, tena kwa pigo la Gandil, na mechi ya 7 Cicotte akashinda 4-1 akionyesha ule mkono wa msimu mzima. Ukiweka Cicotte wa mechi ya 1 kando ya Cicotte wa mechi ya 7, wiki moja tu kati yao, huhitaji ushahidi mwingine wa alichokuwa nacho na alichokizuia.

Tarehe 9 Oktoba, mechi ya 8, Williams alimtoa Rath. Halafu Daubert, Groh, Roush na Duncan wakampiga mfululizo, mawili ya mwisho yakiwa mapigo ya vituo viwili. Gleason akamtoa kabla ya mtu wa pili kutolewa. 10-5, na Reds wakawa mabingwa, mechi tano kwa tatu. Utasikia kisa cha jambazi aliyemtishia Williams usiku wa kuamkia siku hiyo kwamba mkewe atadhurika. Kimesimuliwa sana, ila usikijengee hoja.

Sasa Jackson, uliyemtaja. Mapigo 12 katika nafasi 32, wastani wa .375, pigo pekee lililovuka uzio katika fainali nzima, makosa sifuri. Yote ni kweli. Lakini panga pointi alizoleta kwa mpigo wake kulingana na mechi. Ziko sita, na zote zimekuja mechi ya 6, ya 7 na ya 8. Mechi tano za kwanza hakuleta hata moja. Pigo lake lililovuka uzio lilikuja zamu ya tatu ya mechi ya 8, Reds wakiwa mbele kwa pointi tano. Je, hilo linathibitisha kwamba alizuia gongo lake? Halithibitishi, kwa sababu mpigaji hawezi kuleta pointi kama vituo mbele yake ni vitupu, na Leibold na Collins hawakuwa wakifika kituoni. Kinachomfunga Jackson hakimo kwenye takwimu. Ni maneno yake mwenyewe: tarehe 28 Septemba 1920, mbele ya jopo la uchunguzi la mahakama ya Cook County, alikiri kwamba aliahidiwa dola 20,000 na kupokea 5,000 kutoka kwa Williams. Mbele ya jopo hilo hilo alisema alipiga na kulinda kwa nia ya kushinda. Maungamo yote mawili yamo kwenye kumbukumbu moja, na ukinukuu moja bila jingine umemdhulumu yeye au umewadhulumu Reds.

Cicotte alikiri siku hiyo hiyo. Kilichowasukuma ni kwamba Maharg alikuwa ametoboa siri kwenye gazeti la Philadelphia siku moja kabla. Shaka ilikuwepo tangu fainali yenyewe. Mwandishi Hugh Fullerton alikaa jukwaani na Christy Mathewson, mmoja wa warushaji wakubwa wa historia, wakizungushia kalamu kila tukio lililowatia wasiwasi. Hiyo ndiyo njia ile ile ninayokupa wewe. Mmiliki wa timu, Charles Comiskey, aliwasimamisha wale waliokuwa bado kikosini palepale, siku chache kabla ya msimu wa 1920 kwisha, na White Sox wakamaliza nyuma ya Cleveland kwa mechi mbili.

Kesi ilisikilizwa Chicago mwaka 1921. Sheria ya Illinois wakati huo haikuwa na kosa linaloitwa kuuza mechi, kwa hiyo walishtakiwa kwa kula njama ya kulaghai. Jaji Hugo Friend aliliambia jopo kwamba haitoshi kuonyesha walikusudia kupoteza mechi. Lazima ionekane walikusudia kuulaghai umma na wengine waliotajwa kwenye mashtaka. Karatasi za asili za maungamo zilikuwa zimepotea kabla ya kesi. Tarehe 2 Agosti wakaachiwa huru. Kesho yake Kenesaw Mountain Landis, kamishna wa kwanza wa besiboli, akawafungia wote wanane maisha, akieleza kwamba anayekaa na walaghai wakipanga kupoteza mechi, naye asiiambie klabu yake, hatacheza tena. Sentensi hiyo ilimlenga Weaver moja kwa moja. Hakupokea senti, alicheza vizuri, ila alijua akanyamaza. Aliomba kurudishwa mara nyingi hadi alipofariki mwaka 1956, na alikataliwa kila mara. Kwangu mimi adhabu yake na ya Gandil hazikupaswa kuwa sawa.

Kuna sababu moja inayotolewa sana ambayo nakuomba uipokee kwa tahadhari: kwamba Comiskey alikuwa mchoyo hadi akamweka Cicotte benchi ili asifikishe ushindi wa 30 na kudai bonasi. Cicotte alipewa nafasi ya kuutafuta ushindi huo siku za mwisho za Septemba na hakuupata. Tena mishahara ya White Sox mwaka 1919 ilikuwa miongoni mwa ya juu katika ligi yao. Manung'uniko yalikuwepo, na ya kweli, kwa sababu mkataba wa wakati ule ulimfunga mchezaji kwa klabu moja bila njia ya kuondoka. Lakini Collins na Schalk walifungwa na mkataba huo huo.

Ukitaka kuipitia fainali hii mwenyewe, chukua rekodi ya kila tukio, jedwali la jumla liweke kando. Kwa kila zamu ambayo Reds walipata pointi mbili au zaidi, andika nani alikuwa anarusha, wangapi walikuwa wametolewa pointi ya kwanza ilipoingia, na kituo gani kilitolewa bure. Rudi nyuma hadi tukio la kwanza ambalo lingeimaliza zamu na halikuimaliza. Weka alama hapo hata kama rekodi haiandiki kosa. Kisha fanya vivyo hivyo kwa mechi za Kerr. Usiruke hatua hii, kwa sababu mechi za Kerr ndizo kipimo chako cha jinsi ulinzi ule ule ulivyocheza wakati mrushaji hakuwa ameuzwa. Risberg, kwa mfano, alifanya makosa manne katika fainali na kupata mapigo mawili katika nafasi 25; pima makosa hayo yalitokea katika hali gani kabla hujamhukumu kwa idadi. Ukimaliza, utakuwa na alama chache sana, labda zisizofika kumi kwa mechi nane. Usishangae wala usizitafutie nyongeza, ndizo hizo.

Mwisho, kuhusu hali yao leo. Mei 2025 kamishna Rob Manfred aliamua kwamba kifungo cha maisha kinakoma mtu anapofariki, na majina 17 yakaondolewa kwenye orodha, wale wanane wa Chicago wakiwemo pamoja na Pete Rose, nyota wa miaka ya baadaye aliyefungiwa kwa kamari. Hakuwasafisha. Aliondoa kizuizi tu. Jackson sasa anaweza kujadiliwa kuingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa besiboli ulioko Cooperstown, na kamati inayohusika na wachezaji wa zama zake imepangiwa kukutana Desemba 2027.